Merry Christmas, Mr. Lawrence: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya kambi ya mateka

Kila ninapomwazima mtu filamu hii, anairudisha na maswali. Wengine huuliza wakiwa wamekasirika, wengine wakiwa na machozi, na karibu wote huulizia lile busu. Nimeyaweka hapa yale yanayojirudia. Ninataja mambo mengi ya mwisho wa kisa, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu asome majibu mawili ya kwanza, akaitazame, kisha arudi.

Ni filamu gani hasa, na inahusu nini?

Ilitoka mwaka 1983. Mwongozaji ni Mjapani, Nagisa Oshima, na mtayarishaji ni Mwingereza, Jeremy Thomas. Kisa kinatokea mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kambi ya mateka wa vita kwenye kisiwa cha Java, baada ya Wajapani kuwang'oa Waholanzi waliokuwa wakikitawala. Picha zilipigwa Rarotonga, katika Visiwa vya Cook, na New Zealand.

Shika majina matano tu. Kapteni Yonoi ndiye mkuu wa kambi, kijana nadhifu mwenye upanga na siri. Sajenti Hara ndiye mkono wake wa chuma: anapiga, anacheka, anakunywa. Upande wa mateka yupo Kanali Lawrence, anayejua Kijapani, na Meja Jack Celliers, aliyejisalimisha ili wanakijiji wasiuawe kwa ajili yake. Wa tano ni Hicksley, msemaji wa mateka, afisa wa jeshi la anga asiyetaka kuelewa chochote cha Kijapani na anayeona fahari kutoelewa.

Ukitafuta milipuko na watoro wanaochimba handaki usiku, hapa hamna. Kuna watu waliofungiwa pamoja, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye mshenzi.

Naweza kuitazama na watoto?

Hapana. Kuna mtu anajipasua tumbo mbele ya kamera, kuna vipigo, na kisa kinafunguliwa na tuhuma ya ubakaji kati ya wanaume.

Kwa nini inaanza na Mkorea ilhali inahusu Waingereza na Wajapani?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu wengi hawaliulizi. Kufikia katikati ya filamu wameshamsahau Kanemoto, na mimi mara ya kwanza nilimsahau vilevile.

Kanemoto ni mlinzi wa Kikorea. Amekamatwa kwa tuhuma ya kumbaka mateka wa Kiholanzi aitwaye De Jong, na Hara anamburuta mbele ya Lawrence ili ashuhudie adhabu. Hara anamtaka ajipasue tumbo, na kwa macho ya Hara hiyo ni hisani: anampa Mkorea nafasi ya kufa kama Mjapani. Siku hiyo kifo kinazuiwa. Baadaye kinatimizwa mbele ya mateka wote waliolazimishwa kutazama, na De Jong naye anajing'ata ulimi na kufa palepale.

Hata jina Kanemoto ni la Kijapani. Korea ilichukuliwa na Japani mwaka 1910, na Wakorea walibanwa wachukue majina ya Kijapani. Vita vilipopanuka, vijana wao wakapelekwa kulinda kambi za mateka Java, Thailand na kwingineko, wakiwa ngazi ya chini kabisa: mateka waliwachukia, Wajapani waliwadharau. Vita vilipokwisha, mahakama za washindi ziliwatia hatiani Wakorea 148, na 23 kati yao waliuawa. Walihukumiwa kama Wajapani. Lakini Japani ilipoanza kuwalipa askari wake wa zamani, Wakorea hao wakaambiwa wao si Wajapani.

Oshima aliyajua haya kwa undani. Mwaka 1963 alitengeneza kipindi cha televisheni kuhusu Wakorea walioumizwa vitani wakiwa katika jeshi la Japani na kisha kutelekezwa, na mwaka 1968 akatoa filamu kuhusu Mkorea aliyehukumiwa kunyongwa. Kwa hiyo hakumweka Kanemoto mwanzoni ili kututisha. Alitaka tuione nchi yake kwa macho ya mtu iliyemtawala, kabla hatujaanza kuvutiwa na upanga na sare.

Kwa nini Wajapani wanawadharau mateka kiasi hicho?

Kwa sababu ya aibu. Na hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana, maana lugha yetu inatenganisha haya, aibu na fedheha. Haya anayo mtu moyoni, aibu inampata, fedheha anafanyiwa na wengine mbele ya watu. Jeshi la Japani lilikuwa limezikandamiza zote tatu zikawa kitu kimoja. Mwongozo uliotolewa kwa askari Januari 1941 uliwaagiza wasikubali kuishi na aibu ya kutekwa. Aliyelelewa hivyo akimwona afisa wa Kiingereza ametekwa na bado ananyoa ndevu, anapiga gumzo, anadai haki zake, hamwelewi kabisa.

Hara anamwambia Lawrence hivyo bila kuficha. Anampenda, ni rafiki yake kwa namna ya ajabu, na anamuuliza: wewe afisa mzuri hivi, mbona hujajiua? Angemheshimu zaidi kama angekuwa amekufa. Lawrence anajibu kwamba kwao kutekwa ni sehemu ya vita, na wanaotekwa wanataka kuendelea kuishi ili washinde. Wanazungumza kwa sauti ya chini, lugha moja, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Hara aliingia jeshini akiwa na miaka 17, na tangu siku hiyo alijihesabu kuwa amekwisha kufa. Utamwelezaje maiti kwamba uhai ni haki?

Hali ilikuwa mbaya hivyo kweli, au ni sinema tu?

Ilikuwa mbaya zaidi. Mahakama ya kimataifa ya Tokyo ilikadiria kuwa mateka wa Kiingereza na wa Kimarekani walioshikwa na Ujerumani na Italia walikufa kwa kiwango cha asilimia 4, na wale wa nchi za Magharibi walioshikwa na Japani kwa asilimia 27. Njaa, malaria, kuhara damu na kazi za sulubu viliua wengi kuliko panga. Japani ilikuwa imetia saini Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 kuhusu mateka lakini haikuuridhia. Kambi ya Oshima ina miili iliyoshiba kuliko picha halisi za wakati ule zinavyoonyesha, na hilo ni doa ninalolikubali.

Lawrence yuko upande gani?

Yuko pale anapokaa mkalimani. Anajua Kijapani, aliwahi kuishi Japani kabla ya vita, kwa hiyo kila jambo zito linapita mdomoni mwake. Hicksley anamshuku kwamba amewazoea mno adui. Wajapani wanamtumia, na wakikasirika wanampiga yeye kwanza kwa kuwa ndiye anayewaelewa. Watu wa kwetu wanamfahamu mtu wa namna hii. Nyakati za ukoloni, mkalimani aliyesimama kati ya mzungu na wazee wa kijiji alilaumiwa na pande zote mbili, hata siku aliyotafsiri vizuri kabisa.

Redio inapokutwa kambini, Yonoi anaamuru Lawrence auawe. Lawrence anamuuliza kama anauawa ili tu mtu fulani awe ameadhibiwa, na jibu ni ndiyo: kosa limetendeka, lazima liwe na mwenyewe. Ndipo mtu huyu mpole, aliyetumia filamu nzima kuwaeleza wenzake kwa nini Wajapani wako walivyo, anapolipuka na kuivamia madhabahu ya mazishi iliyo mbele yake, akiwalaani miungu yao. Mara zote ninapoitazama sehemu hii najisikia vibaya, kwa kuwa anayevunjika ni yule aliyejitahidi kuelewa. Hicksley, ambaye hajawahi kujaribu, yuko salama na msimamo wake.

Kuna sentensi yake moja nisiyoikubali. Anamwambia Celliers kwamba Wajapani ni watu wenye wasiwasi, walioshindwa kufanya lolote mmoja mmoja, basi wakapata wazimu kwa pamoja. Wengi huinukuu kana kwamba ndiyo maana ya filamu. Mimi naona Oshima anaitia mdomoni mwa Lawrence ili tuone hata mtu mwema anavyoweza kulifunga taifa zima kwenye furushi moja.

Yonoi alikuwa anampenda Celliers?

Ndiyo. Filamu haisemi neno hilo hata mara moja, lakini tazama uso wa Yonoi katika mahakama ya kijeshi kule Batavia (Jakarta ya leo), Celliers anapovua shati kuonyesha makovu ya mateso. Macho hayabanduki. Anamwokoa asihukumiwe kifo, anamleta kambini kwake, anauliza habari zake kila mara. Usiku anafanya mazoezi ya upanga huku akipiga ukelele unaowasumbua wagonjwa. Msaidizi wake anaona hatari inayomkabili bosi wake kuliko bosi mwenyewe, anajaribu kumuua Celliers, anashindwa, na anajipasua tumbo.

Chini ya upendo huo kuna kidonda cha zamani. Tarehe 26 Februari 1936 maafisa vijana wa jeshi walijaribu kuipindua serikali mjini Tokyo, wakawaua viongozi kadhaa, kisha uasi ukazimwa na viongozi wao wakapigwa risasi. Katika kisa hiki, Yonoi alikuwa mmoja wa kundi lao, ila wakati huo alikuwa amehamishiwa Manchuria. Wenzake walikufa, yeye akabaki. Anamwambia Lawrence habari hii kwa ufupi na kwa upole, kama mtu anayetaja ugonjwa alioishi nao miaka mingi.

Celliers naye ana kidonda cha aina hiyohiyo. Alikuwa na mdogo wake mwenye kibiongo na sauti nzuri ya kuimba. Siku mdogo huyo alipoingia shule ya bweni, wakubwa walimkamata wakamdhalilisha mbele ya wote. Kaka yake, mwanafunzi aliyeheshimiwa shule nzima, angeweza kuwazuia kwa neno moja. Alibaki ndani, kimya. Mdogo wake hakuimba tena maishani.

Ukiyaweka mawili haya pamoja, utaona kwamba Mjapani na Mwingereza hawa wameumwa na kitu kimoja: wote walikosekana pale walipohitajika. Wenzangu wengi husema filamu inahusu Mashariki na Magharibi. Naona inahusu watu walioaibika, kila mmoja akiwa amefundishwa na kwao namna tofauti ya kuilipa aibu.

Basi lile busu maana yake nini?

Yonoi anataka orodha ya mateka wanaozijua silaha. Hicksley anakataa. Yonoi anaamuru mateka wote wapangwe uwanjani, hata walio hoi hospitalini, na mgonjwa mmoja anafia palepale kwenye mstari. Yonoi anachomoa upanga amkate kichwa Hicksley.

Celliers anatoka kwenye mstari. Hakimbii. Anatembea kama mtu anayevuka uwanja wa nyumba yake, anasimama kati ya Yonoi na Hicksley. Yonoi anamsukuma, anaanguka, anainuka. Anamshika mabega na kumbusu shavu moja, kisha la pili. Yonoi anainua upanga, mkono unatetemeka, na anaanguka nyuma mikononi mwa askari wake.

Kuna wanaosema Celliers alimvua nguo mbele ya jeshi lake, yaani alimfedhehesha kwa kuifichua siri yake. Ni kweli, na alijua anachofanya. Lakini msimwangalie Yonoi peke yake. Huyu ndiye yule kaka aliyebaki ndani mdogo wake akiteswa. Mara hii mtu anakaribia kuuawa mbele ya watu, na Celliers ametoka kwenye mstari. Tena anayeokolewa ni Hicksley, mtu asiyependwa na yeyote kambini.

Malipo yake ni kuzikwa ardhini, kichwa tu kikibaki nje, juani. Usiku Yonoi anakuja, anakata kishungi cha nywele za Celliers, anainama kwa heshima, anaondoka. Nondo mweupe anatua usoni. Kabla ya kufa, Celliers anaota amerudi nyumbani kumwomba mdogo wake msamaha.

Kisa ni cha kweli?

Kwa sehemu. Kimetokana na kitabu cha Laurens van der Post, Mwafrika Kusini aliyezaliwa Philippolis mwaka 1906. Hadithi ya Hara aliitoa mwaka 1954, na mwaka 1963 akaiunganisha na ya Celliers katika kitabu kimoja. Mwaka 1926 alikuwa amesafiri kwa meli hadi Japani na kujifunza lugha kidogo, na mwaka 1942 alikamatwa Java na kukaa katika kambi za mateka mpaka vita vilipokwisha. Ukimwona Lawrence, kwa kiasi kikubwa unamwona yeye. Hata hivyo mwandishi wa wasifu wake, J.D.F. Jones, alionyesha mwaka 2001 kwamba van der Post alizoea kuyatia chumvi maisha yake. Kwa hiyo ichukue kama hadithi ya mtu aliyekuwepo, usiichukue kama ushahidi wa mahakamani.

Wenyeji wa Java wako wapi?

Hawapo, au wapo kwa mbali sana. Hili ndilo lalamiko langu kubwa. Kisiwa ni chao. Waholanzi walikitawala, Wajapani wakakinyakua, wakawakokota wenyeji kwenye kazi za kulazimishwa, wakiwaita romusha, na wengi mno walifia huko. Tarehe 17 Agosti 1945 Indonesia ikatangaza uhuru wake. Mwongozaji aliyekuwa na jicho la kumwona Mkorea hakugeuza shingo kidogo zaidi amwone Mjava.

Linaniuma kwa sababu na sisi tumo katika vita hiyohiyo bila kuonekana. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walipigana na Wajapani Burma mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikisukuma mbele katika Bonde la Kabaw mvua za monsuni zikimwagika. Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika chache na watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Na kambi za mateka tulikuwa nazo: kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, kilijengwa na mateka wa Kitaliano mwaka 1942. Maelfu ya magari yanapita hapo kila siku.

Huyo Celliers ni David Bowie mwanamuziki?

Ndiye. Kabla ya hapo aliigiza jukwaani Broadway, New York, na alikuwa amesomea sanaa ya kuigiza bila maneno. Utaiona ndani ya seli: anaamini anakwenda kupigwa risasi, basi ananyoa ndevu bila wembe, anakunywa chai bila kikombe, anavuta sigara isiyokuwepo. Dakika hizo chache zinaeleza utu wake kuliko hotuba yoyote.

Yonoi ni Ryuichi Sakamoto, mwanamuziki wa kundi la Yellow Magic Orchestra, ambaye hakuwa mwigizaji. Hara ni Takeshi Kitano, wakati huo mchekeshaji maarufu wa televisheni ya Japani. Kitano amesimulia kwamba alipoingia ukumbini kimyakimya kuitazama, watu waliangua kicheko mara tu uso wake ulipotokea. Wewe usiyemjua kama mchekeshaji una bahati: utamwogopa kwanza, kisha utampenda. Lawrence ni Tom Conti, na Hicksley ni Mwaustralia Jack Thompson.

Muziki wake mbona unafahamika hata kwa wasioiona filamu?

Sakamoto alikubali kuigiza kwa sharti la kuutunga yeye, na ukampa tuzo ya filamu ya Uingereza, BAFTA. Ni kinanda cha elektroniki kinacholia kama kengele ndogo, wimbo unaorudi palepale kila unapodhani umeondoka. Sakamoto aliendelea kuupiga kwa piano maisha yake yote, hadi alipofariki Machi 2023.

Nini kilimfanya Hara awaachie, na kwa nini anacheka mwishoni?

Ni mkesha wa Krismasi. Hara amelewa pombe ya mchele. Anaagiza Lawrence na Celliers watolewe seli, wanaingia wakidhani ndiyo mwisho. Anawaambia yeye ni Baba Krismasi, anacheka, anawaachia. Kesho yake anakubali mbele ya Yonoi kwamba alivunja amri. Hakuwa Mkristo, na ulevi peke yake haumtoshi mtu kumwokoa aliyepangiwa kufa. Amri ya Kijapani ilimtaka Lawrence afe, basi Hara akatafuta katika desturi za Lawrence mwenyewe mlango wa kumtolea.

Miaka minne baadaye, 1946, mambo yamegeuka. Hara yuko seli, atauawa asubuhi. Amejifunza Kiingereza. Lawrence, aliyekuwa mateka, anakuja kumuaga akiwa huru. Anamweleza kwamba Yonoi naye ameuawa, na kwamba kabla ya kufa alimkabidhi zile nywele za Celliers azipeleke kwenye hekalu la kijijini kwake. Hara anasema hayaelewi makosa yake, maana alifanya yaleyale waliyofanya askari wengine. Lawrence anamjibu kwamba anauawa na watu wanaoamini wako sahihi, kama yeye na Yonoi walivyoamini zamani. Angekuwa na uwezo angemwachia aende nyumbani kwao. Hana uwezo huo. Hana hata chupa ya kumfanya alewe.

Wanaagana. Lawrence akiwa mlangoni, Hara anamwita kwa ile sauti ya zamani ya kambini, kali, ya kuamrisha. Lawrence anageuka. Uso wa Hara unajaza skrini, mviringo, machozi yakimlengalenga, meno nje, na anamtakia Krismasi njema kwa Kiingereza.